Mkono Nyuma ya Shingo

Jumatatu, 2 Juni

Nimefika kwa Dada, na baridi nayo imefika leo. Shemeji alinipokea kituoni akiwa na koti lake la kazini, lile zito la kuingilia vyumba vya barafu. Yeye ni fundi wa majokofu makubwa ya mabucha na maghala. Akacheka: "Shem, hali ya hewa hii umekuja nayo kwenye begi?"

Mtoto nilimkuta amelala. Alizaliwa kabla ya wakati, akakaa wadi ya njiti mpaka juzijuzi, na sasa ana uso wa mzee aliyestaafu kazi ngumu. Wanamwita Bwana Mkubwa. Ni mdogo kiasi kwamba nilipomwinamia nilijikuta nimebana pumzi.

Kabla hata sijavua viatu Dada alinieleza walichoambiwa na daktari walipokuwa wanaruhusiwa: asipate baridi, asipate joto, aongezeke uzito. Asipoongezeka atarudishwa kwenye kisanduku cha kioo. Dada alitamka "kisanduku" kama mtu anayetaja jina la aliyemdhulumu.

Nitakaa hapa mpaka baridi iishe na muhula wangu uanze.

Jumatano, 4 Juni

Ninachokipenda kuliko vyote kwa mtu ni msimamo. Nasoma sheria, labda ndiyo sababu, au labda nilichagua sheria kwa sababu hiyo. Dada hana msimamo, na hajawahi kuwa nao. Tulipokuwa wadogo aliweza kurudisha viatu dukani mara mbili, na ya tatu akarudi nyumbani na vile vya kwanza. Sokoni anaokota nyanya, anairudisha, anaiokota hiyohiyo tena, mpaka muuzaji anamuuliza kama wanafahamiana.

Leo nimemtazama akimvalisha Bwana Mkubwa. Fulana, sweta. Akamvua sweta. Akaenda jikoni, akarudi, akamvalisha tena. Jua likaingia dirishani, akamvua kofia. Wingu likapita, akamrudishia.

"Dada, si uamue basi!"

"Nimeshaamua," akasema, huku anafungua vifungo.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua. Nepi hazikauki.

Jumatatu, 9 Juni

Niandike kuhusu Bibi, kwa sababu sasa namwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Ni mama mzazi wa Shemeji, anaishi hapahapa, chumba cha mwisho kwenye korido. Mchana kutwa anakaa kiti cha karibu na mlango wa jikoni akifuma. Hatazami mikono yake. Anatazama watu, na sindano zinajiendea zenyewe. Ameshamfumia mjukuu wake soksi, kofia, na sweta moja la kijani zito kama mlango. Yule, ukimuuliza jambo, ana jibu, na kesho ukimuuliza tena jibu ni lilelile. Nilimpenda kwa hilo mara moja.

Ananiita Msomi.

"Msomi, vitabu vyako vinasemaje mtoto avae nini?"

Nilijibu kwa haraka, maana nilikuwa nimesoma karatasi za kliniki njia nzima: "Avae nguo moja zaidi ya mtu mzima."

"Mtu mzima yupi? Wewe uliyejikunja hapo kama paka wa jikoni, au huyu mwanangu anayeshinda kwenye barafu na akirudi anataka kulala na dirisha wazi?"

Shemeji aliyekuwa anakunywa chai akapaliwa kwa kicheko. Nami nikacheka, ila kwa kuchelewa.

Halafu akanieleza kwamba Shemeji mwenyewe alizaliwa hivihivi, njiti, tena msimu kama huu. "Alikuwa anaenea kwenye kiatu cha baba yake. Wakaniambia huyu usimzoee. Nikamzoea. Nikampa joto mpaka baridi ikachoka yenyewe." Akamnyooshea sindano yule mwanaume mrefu wa watu. "Ona sasa, anamaliza mkate peke yake."

Kwa hiyo Bibi ana ushahidi, na ushahidi wake unakunywa chai mbele yetu. Dada ana nini zaidi ya kufungua na kufunga vifungo?

Jumamosi, 14 Juni

Shemeji ameleta kipimajoto cha kazini, cha kuning'iniza ndani ya jokofu, amekitundika juu ya kitanda cha mtoto. Amefurahi kuliko mtu aliyenunua gari.

"Mume wangu," Dada akasema, "huyu si nyama ya bucha."

"Namba haidanganyi, mama."

Nikawa upande wa Shemeji. Namba ina msimamo. Dada alikiangalia kipimajoto kwa heshima, kama mtu anavyomwangalia mgeni wa mumewe, kisha akapitisha mkono chini ya nguo za mtoto, nyuma ya shingo, akauacha pale kidogo. Ndiyo tabia yake. Miguu haigusi, mikono haigusi. "Miguu yake ni baridi siku zote, damu bado haijazoea safari," aliniambia. "Shingo ndiyo inasema kweli. Shingo na tumbo. Ikiwa na jasho amezidiwa, ikiwa baridi amepungukiwa. Hicho cha baba yake kinapima chumba. Mimi nataka kujua yeye anasemaje."

Nikaomba nijaribu. Bwana Mkubwa akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Toa hiyo mikono ya chura!" Dada akacheka mpaka akakaa chini. "Kwako wewe kila mtoto ana homa."

Ni kweli, mikono yangu ni baridi tangu nizaliwe. Lakini nilitaka kuandika kwamba mkono wake pale shingoni haukuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa sijauona hivyo kabla.

Ijumaa, 20 Juni

Kliniki. Sindano ya mizani imepanda. Nesi wa mizani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia samaki, akatangaza wadi nzima isikie: "Mzee huyu anakula!" Wakati wa kurudi Dada alinunua nyanya bila kuchagua hata moja.

Jumapili, 29 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianze na kosa langu, kwa sababu lilikuwa langu.

Wageni walikuja leo kumwona mtoto. Shangazi yake, yaani mdogo wake Shemeji, na dada mkubwa wa Bibi, ambaye humu ndani anaitwa Bibi Mkubwa na anastahili jina. Kila mmoja alishatuma zawadi yake mapema. Shangazi alituma ovaroli yenye manyoya ndani na masikio mawili kichwani. Bibi Mkubwa alituma kofia, glovu na blanketi. Na sweta la kijani la Bibi lipo, kama kawaida.

Walipobisha hodi Dada alikuwa bafuni. Mtoto alikuwa na fulana tu, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Nikafikiri haraka, kama ninavyofundishwa kufikiri: nikimvalisha cha huyu, yule atanuna. Nikamvalisha vyote. Sweta la Bibi ndani, shingo yake ndefu ikionekana. Ovaroli ya Shangazi juu. Kofia, glovu, blanketi. Kila mtu aone chake. Nilijisikia nimetoa hukumu ya haki kabisa.

Sebule ilikuwa imefungwa madirisha yote, hita inawaka, watu wazima tumejaa. Bwana Mkubwa akapita mapaja kwa mapaja. Kila aliyempokea alitambua nguo yake, akaisifu, akaipapasa. "Ovaroli imemkaa!" "Kofia ndiyo imempa sura ya kiume." Dada alitoka bafuni moja kwa moja mpaka jikoni kushughulika na chai, na kila alipochungulia mlangoni alimwona mtoto kwa mbali, mikononi mwa mtu mwenye furaha.

Mtoto akatulia. "Mtulivu huyu!" alisema Bibi Mkubwa. "Wa kwangu walikuwa kama ving'ora." Wote tukausifu utulivu wake. Nami niliusifu.

Dada alipoweka sinia chini na kumchukua anyonye, hakunyonya. Kichwa kilimwangukia begani. Uso ulikuwa mwekundu, tena mwekundu wa kukauka.

"Homa hiyo!" Bibi Mkubwa akasimama. "Mfunikeni! Leteni shali!"

Bibi alishafika na shali. Shangazi akaanza kulia. Shemeji alitoka mbio kwenda kwa jirani mwenye gari. Mimi nilisimama katikati ya chumba nikiwa na kikombe cha mtu mwingine mkononi. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, kisanduku.

Dada alipenyeza mkono chini ya zile nguo zote, nyuma ya shingo. Ulipotoka ulikuwa umelowa.

Sijawahi kumwona dada yangu hivyo. Alikaa kitini, akamlaza mtoto magotini, akasema, "Zima hita. Fungua dirisha la jikoni, la sebuleni liache." Hakupaza sauti, na alikuwa anasema na mimi. Nikafanya. Kisha akaanza kumvua. Blanketi. Glovu. Kofia. Ovaroli, mguu mmoja, mguu wa pili. Kila alichovua alikikunja, akanipa nishike.

"Unamvua mtoto mgonjwa kwenye baridi hii?" Bibi Mkubwa aliuliza, na hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

Akafika kwenye sweta la kijani. Mkono wake ukasimama kwenye kifungo cha kwanza. Bibi alikuwa mbele yake na shali limefunguliwa kama nyavu. Wakatazamana. Dada huyu ambaye huomba samahani kwa meza akiigonga!

"Mama, nisamehe," akasema. "Anaungua humu ndani."

Akafungua vifungo vyote.

Rundo lililokuwa mikononi mwangu lilikuwa zito kuliko mtoto mwenyewe. Yeye alibaki na fulana, mbavu zikipanda na kushuka. Dada alimpangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, shingo, kwapa, mgongo. Kisha Bwana Mkubwa akakunja uso, akajaza kifua, akalia. Alilia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Akapewa ziwa, akalivamia.

Hapo Shemeji akaingia anahema, na jirani nyuma yake ana funguo mkononi. Akamwona mtoto ana fulana na dirisha liko wazi. "Twende?" akauliza.

"Rudisha gari la watu," Dada akasema. "Na ahsante sana, jirani. Karibu chai."

Mtoto alipomaliza kunyonya, Dada akamgusa tena shingo, akamvalisha soksi. Baadaye kidogo akamgusa tena, akaninyooshea mkono, nikampa alichokitaka: sweta la kijani. Akamvalisha. Mbele ya watu walewale. Lakini Bibi hakuwepo kuliona. Alikuwa ameshakusanya sindano na nyuzi zake, ameingia chumbani, na mlango ameufunga polepole sana.

Nimemwambia Dada kwamba mimi ndiye niliyemvalisha. "Najua," akasema. "Wewe ndiye pekee humu ndani unayeogopa watu kuliko mimi." Kisha akanipa vikombe nioshe.

Nilipokuwa naosha nilifikiria zile nyanya. Miaka yote niliona mtu asiyeweza kushika uamuzi. Leo nimeona kwamba anaweza kushika mmoja na kuubeba peke yake mbele ya kina mama watatu, na punde, mtoto alipobadilika, akabadilika naye bila kuona haya. Mimi nikishasema jambo nalitetea hata likiwa limeoza.

Jumatatu, 30 Juni

Bibi hakufuma leo. Kiti cha karibu na mlango wa jikoni kimekaa kitupu, na wote tunakizunguka kana kwamba kuna mtu.

Alhamisi, 3 Julai

Kliniki. Sindano imerudi nyuma. Nesi wa mizani hakutangaza kitu. Alisema taratibu kwamba joto likizidi mtoto husinzia, akisinzia hanyonyi; baridi ikizidi anatumia chakula chake chote kujipasha moto. Vyovyote vile mizani ndiyo inayolipa. "Wiki ijayo ikiwa chini ya hapa, mama, itabidi arudi wadini."

Dada alimbeba njia nzima. Tulipopita pale dirisha la wadi ya njiti alivuka upande wa pili wa barabara.

Jumamosi, 5 Julai

Bibi na Dada wanazungumza kupitia kwangu. "Mwambie mama yake Bwana Mkubwa chai ipo." "Mwambie Mama nashukuru." Wako chumba kimoja. Nimekuwa karani wa mahakama.

Nilimshauri Dada akamweleze Bibi jinsi ilivyokuwa. Akatikisa kichwa. "Nitamweleza nini? Nimemwaibisha mbele ya dada yake. Kuwa na haki hakuondoi aibu ya mtu." Nimeiandika hii ili nikaisome tena nikiwa wakili.

Jumanne, 8 Julai

Upepo na mvua ya ubavuni. Dada alienda dukani kwa dharura, akarudi amelowa mpaka mifupa. Jioni anapiga chafya.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Shemeji alishaondoka alfajiri. Umeme ukikatika maghala yote ya nyama humlilia yeye. Aliacha ameweka maji ya moto kwenye chupa ya chai, na ujumbe mdomoni mwangu: "Mwambie dada yako apumzike, shem."

Dada alikuwa na homa. Alitetemeka chini ya mablanketi mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Mtoto alikuwa pembeni yake, amevaa fulana, sweta, kofia. Kimya. Nilipomwinamia nilikitambua kimya kile. Ndicho kile cha Jumapili ile tulichokisifu.

"Dada, hanyonyi?"

"Amekataa." Akajikongoja, akapitisha mkono nyuma ya shingo ya mtoto, akautoa, akaurudisha. Akanitazama kwa macho yenye maji ya homa. "Sijui," akasema. "Mimi mwenyewe ni moto. Kila ninachogusa leo ni baridi. Kikombe baridi, mto baridi. Mkono wangu leo unadanganya."

Nilitazama kipimajoto. Namba ilikuwa chini sana. Lakini ilikuwa namba ya chumba. Je, yeye? Uso wake haukuwa mwekundu, ila hata pazia lilikuwa limechujuka katika mwanga ule. Nimvue au nimwongeze? Mikono yangu ya chura isingejua kitu. Nilikuwa na karatasi zote za kliniki kichwani, na hakuna hata moja iliyonisaidia kuinua kidole.

Dada aliweka miguu chini. "Nishike. Tumpeleke kwa Mama."

Ni hatua chache za korido. Alizitembea akiegemea ukuta, mtoto nimembeba mimi. Mlango wa Bibi ulikuwa umefungwa. Dada hakubisha kwa vidole, aliegemeza paji la uso pale mbaoni.

"Mama. Mkono wangu hauna maana leo. Naomba wako."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Bibi akafungua, akamtazama mkwewe toka kichwani hadi miguuni, akasema moja kwa moja, bila karani: "Wewe mwanamke, unatembea peku na homa?" Akamsukuma kwenye kitanda chake, akamfunika. Kisha akapangusa mikono kwenye gauni, akaipuliza, akaisugua, akampapasa Bwana Mkubwa nyuma ya shingo. Halafu tumboni. Alikaa hapo muda.

"Baridi," akasema. "Mpaka tumboni."

"Nilete ovaroli?" niliuliza. "Blanketi la Bibi Mkubwa?"

"Msomi, nguo haina joto lake. Inatunza la mtu. Huyu sasa hivi hana la kutunziwa." Alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya gauni lake. "Mvue. Abaki na nepi na kofia."

Dada, toka kitandani, akaniambia nimpigie nesi wa mizani, namba iko kwenye simu yake. Nikampigia. "Ngozi kwa ngozi!" nesi akapiga kelele kana kwamba laini ilikuwa mbovu. "Kifuani kwa mtu mwenye afya, mfunike mgongo. Asipopata moto upesi mleteni, msingoje gari la nani wala nani!"

"Mwambie nimeshaanza," Bibi akasema.

Akamweka kifuani, katikati, miguu imekunjwa kama chura (chura wa kweli, huyu), sikio likiwa juu ya moyo wake. Akaniagiza lile sweta la kijani, nikamfunika mtoto mgongo nalo, na shali juu yao wote wawili. Kisha akaanza kutembea taratibu kati ya dirisha na mlango, akinguruma wimbo usio na maneno.

Dada alikuwa anamtazama. "Mama," akasema, meno yakigongana, "huyu mwanao mlimfunika na nini? Alipozaliwa."

"Kumfunika? Sufu ningeitoa wapi? Tulikuwa na shuka moja." Akampigapiga mtoto mgongoni, polepole. "Alikaa hapa. Nilipika naye hapa, nilifagia naye hapa. Baba yake akishika zamu, nalala."

"Sasa kwa nini…" Nilianza mimi, nikaona haya kumaliza.

"Kwa nini nafuma?" Bibi akasimama dirishani, ametupa mgongo. "Kifua chake sasa ni cha mama yake. Si changu tena kukitoa. Nami nikae tu nimekunja mikono, mjukuu anapigwa baridi? Nikashika sindano."

Dada alianza kulia, au ilikuwa homa. "Mama, si ungesema?"

"Si ungeuliza?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka. Na katikati ya kicheko kile Bwana Mkubwa akainua kichwa chake kama anayetaka utulivu mahakamani, akaanza kutafuta, mdomo wazi, kifuani kwa Bibi.

"Ee bwana wewe," Bibi akamwambia, "kisima hiki kilishakauka zamani. Hamia kwa jirani."

Akampitisha mkono nyuma ya shingo, akaitikia kwa kichwa, akamlaza kwa Dada. Alinyonya. Niliyasikia mafunda yake, gudu, gudu, zaidi ya mvua iliyokuwa nje.

Umeme ulirudi. Hakuna aliyekwenda kuwasha hita mpaka Shemeji alipoingia, amelowa, akatukuta wote chumbani kwa mama yake, akauliza nani amekufa.

Alhamisi, 10 Julai

Bibi ametupeleka kliniki, mtoto kifuani ndani ya koti. Dada bado dhaifu. Sindano ilisimama palepale pa wiki iliyopita. Haikupanda wala kushuka. Nesi aliitazama, akatutazama sisi.

"Mchana anakaa wapi mtoto huyu?"

"Hapa," Bibi akasema, akigusa kifua.

"Basi akae hapohapo. Nawapa wiki moja."

Dada alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wiki moja.

Jumapili, 13 Julai

Zamu: Bibi asubuhi, Dada mchana, Shemeji siku za mapumziko. Shemeji ana nywele kifuani na Bwana Mkubwa huzishika kwa ngumi. "Nitakuwa na upara wa mbele," analalamika, hajongei hata inchi. Kipimajoto chake amekitoa, amekirudisha kazini.

Alhamisi, 17 Julai

Imepanda! Nesi ametangaza mpaka watu wa duka la dawa wamesikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Baridi inalegea. Mchana Bwana Mkubwa yuko na fulana, asubuhi na sweta. Sasa wanamgusa kwa zamu, Dada na Bibi, kisha wanabishana. "Moto kidogo." "Sawa tu, Mama." "Moto, nakwambia, gusa hapa." "Haya, tumpunguze." "Ngoja kwanza, jua linaingia." Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshakata rufaa. Wao wanafungua kifungo kimoja, wanangoja, wanakifunga. Nimekaa nikiwatazama kama mtu anayetazama wapiga ngoma wawili wasiohitaji kuhesabu.

Jumatatu, 25 Agosti

Nesi wa mizani amemwambia Dada asirudi tena kila wiki. "Mlete mwezi ujao na wenzake wa kawaida." Tuliporudi tulipita dirisha la wadi ya njiti. Dada hakuvuka barabara. Alisimama, akamgeuza Bwana Mkubwa atazame ndani, akampungia mkono mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na kioo.

Jumamosi, 30 Agosti

Begi langu liko mlangoni. Basi langu ni la mchana.

Jana Bibi alilifumua sweta la kijani. Dada alimshikia uzi kwenye mikono, wakakaa hivyo saa nzima wanasengenya ovaroli ya masikio. Leo asubuhi kuna kisweta kipya kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni: chepesi, hakina mikono, na shingo yake imeachwa pana ajabu, kama kimeharibika.

"Bibi, si kitamwangukia mabegani?"

"Wewe na shule zako. Mkono wa mtu upite wapi?"

Wakamvalisha, wakaniita nimuage. Nilikuwa na kikombe cha chai. Nilikikumbatia kwa viganja viwili mpaka vikauma kwa joto. Kisha nikapitisha mkono wangu pale penye nafasi, nyuma ya shingo. Bwana Mkubwa hakuruka. Alinitazama.

"Enhe, Msomi?" Bibi akauliza. "Anasemaje?"

Hakuwa na jasho. Hakuwa wa baridi. Ngozi ilikuwa kavu, vuguvugu, na chini yake kitu kidogo kilikuwa kinapiga bila haraka.

"Sawa tu," nikasema. "Kwa sasa."

Dada akacheka. Nje Shemeji alikuwa anapiga honi ya gari la jirani, na mkono wangu nikauacha pale kidogo zaidi.